Ile miili iliyopitiliza tuliilipia sisi mashabiki

Kila akifariki mtunisha misuli mwenye jina ambaye hata miaka hamsini hajafika, mitandaoni panawaka siku mbili tatu, huyu analaumu madawa ya kukuza misuli, yule analaumu makocha, mwingine majaji, halafu pananyamaza mpaka msiba mwingine. Kuna kundi moja huwa silisikii likitajwa kabisa, nalo ni sisi tunaokata tiketi na kukaa kwenye viti. Mi ni shabiki wa huu mchezo tangu nikiwa kijana mdogo, naishi hapa Columbus, Ohio, mji ambao kila mwanzo wa mwezi wa tatu unajaa mabaunsa kutoka dunia nzima kwa ajili ya Arnold Classic, shindano la watunisha misuli, nimekaa ukumbini miaka na miaka, Las Vegas kwenye Olympia, shindano kubwa kuliko yote ya mchezo huu, nako nimefika, na kwa niliyoyaona kwa macho yangu naamini kabisa kwamba ile miili iliyopitiliza tuliiagiza sisi. Tuliishangilia, tukaipangia foleni, tukanunua mikebe ya poda yenye picha zake, na waliokuwa jukwaani wakasoma vizuri sana tunachokitaka.

Nilikotoka mimi, Temeke, jimu yetu ilikuwa uani kwa mtu, bati juu, vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuchomekwa bomba, ekseli ya gari ndo tulikuwa tunachuchumaa nayo, na ukutani fundi alikuwa amemchora Arnold Schwarzenegger na pembeni yake limebandikwa bango la Ronnie Coleman lililochanwa kwenye jarida. Kwetu sisi mchezo mzima ulikuwa ni lile bango. Sasa shida ya picha inapendelea ukubwa. Kwenye picha humuoni mtu anavyotembea, huoni tumbo likimtoka akisahau kulivuta ndani, huoni mgongo wake ukoje akigeuka, wala humuoni aliyesimama pembeni yake. Unaona mkono mnene kuliko paja lako basi unaamini huyo ndo bingwa wa mabingwa, na mtu akikuambia kuna jamaa mdogo kuliko yeye alimshinda unadhani kuna rushwa. Mi nimekuja Marekani na imani hiyohiyo.

Ukumbini ndo mambo yakaanza kukaa sawa. Watu wengi hawajui kwamba mashindano haya yana raundi mbili na ile ya kwanza ndo yenye kazi. Inaweza kuwa mchana, inaweza kuwa jioni ya siku moja kabla, inategemea mwaka na kitengo, ila ndo hapo majaji wanafanya kazi yao kweli. Wanawasimamisha washindani mstari mmoja, halafu anayeongoza majaji anaita namba kwenye maiki, namba tatu, namba tisa, namba kumi na moja, njooni mbele. Kundi la kwanza kuitwa mara nyingi sana ndo lina bingwa ndani yake, na kwenye hilo kundi anayewekwa katikati ndo anayeongoza, kwa hiyo ukiona namba mbili zinahamishwahamishwa, we sogea hapa, we nenda pale, halafu wanarudishwa tena kama walivyokuwa, ujue kwenye meza ya majaji kuna mvutano na hapo shabiki unatakiwa usipepese macho. Zinakuja pozi za lazima, mikono miwili ukitazama mbele, kutanua mbavu, kifua kwa ubavu, mikono miwili ukigeuza mgongo, tumbo na mapaja, na kila pozi inamfichua mtu kwa namna yake. Nimewaona watu waliotikisa ukumbi wakiwa wametazama mbele, wakigeuka tu unaona mgongo wa chini umelainika, nyuma ya mapaja hakuna kitu, na makofi yanaisha taratibu huku majaji wanaandika.

Kuna mwaka nilipata kiti cha mbele kabisa pembeni ya jukwaa, na nilichoondoka nacho ni miguu yao. Wakiambiwa wasimame tu wametulia hakuna anayetulia pale, kila msuli umebanwa, mapaja yanatetemeka kwa nguvu ya kujizuia, jasho linashuka limechanganyika na ile rangi ya kahawia wanayopakwa, linaacha michirizi mpaka kwenye vifundo, na wakishaondoka mstarini sakafu inabaki na alama za nyayo. Mmoja alikuwa anatabasamu kwa majaji meno yote nje, na vidole vya miguu amevikunja anakamata sakafu asiyumbe. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia wanavyohema. Bango la Temeke halikuwahi kunionesha kwamba huu ni mchezo wa kuvumilia maumivu ukiwa umesimama.

Usiku wa fainali sasa ndo watu wanajaa. Taa, muziki, kila mshindani anapozi kwa wimbo wake mwenyewe, Arnold mwenyewe anapanda na maiki kumhoji mshindi, ni raha sana wala sitaki kuibeza, nimemuona Kai Greene akifanya mapozi ya usiku mpaka watu wazima wanasimama juu ya viti, na yule bwana alishinda hapa 2009, 2010 akarudi kushinda tena 2016 na kila mara watu walikuja kwa ajili ya zile dakika zake chache. Lakini maksi za usiku ni mara chache sana zinageuza yale ya raundi ya kwanza. Na ukumbi wa usiku una tabia moja, unapiga kelele kwa mkubwa. Akitoka mtu mwenye kiuno chembamba na mistari mizuri wanapiga makofi ya heshima, akitoka pandikizi la mtu dari linataka kung'oka. Washindani wote wako nyuma ya pazia wanasikia hizo kelele, na vijana ambao mwaka kesho wanataka kupanda wamekaa humohumo ukumbini nao wanasikia.

Angalia ilivyokwenda. Frank Zane alikuwa Mr. Olympia, yaani bingwa wa Olympia kwa wanaume, miaka mitatu mfululizo, 1977 mpaka 1979, akiwa na kilo kama 85 hivi, mwalimu wa hesabu yule, mwili wake ukiutazama leo bado unakaa kimya unautazama. Mwaka 1993 Dorian Yates kutoka Birmingham akapanda na kilo 117 na wenzake wakaonekana wadogo wote. Mwaka 2003 Ronnie Coleman, polisi wa Arlington, Texas, akapanda na kilo kama 130 akiwa mkavu, yaani hana mafuta wala maji chini ya ngozi. Ni zaidi ya kilo arobaini juu ya Zane, na hakuna kikao kilichokaa kikaandika kwamba sasa bingwa aongezwe kilo arobaini. Kila aliyeongeza alishangiliwa zaidi ya aliyemtangulia, picha yake ikauza zaidi, video zake zikauza zaidi, na sisi wa Temeke tuliotazama kanda zile mpaka zikakwaruzika tulikuwa ndani ya hiyo hesabu japo hatukuwahi kulipa hata senti moja ya tiketi.

Hapo naingia kwenye ekspo, yale maonesho ya biashara yanayokwenda pamoja na mashindano, maana pesa iko huko. Kwa asiyejua, tafuta picha ya Sabasaba pale barabara ya Kilwa siku ya kilele, mabanda kila kona, spika zinashindana, watu wanasukumana na mifuko, ila kila banda linauza protini, kreatini, mikanda ya kunyanyulia, nguo za jimu. Arnold Schwarzenegger na marehemu Jim Lorimer waliianzisha Arnold Classic hapa mwaka 1989, na sababu ya kuwa Columbus badala ya California ni kwamba Lorimer ndo aliandaa hapa Mr. World ya 1970 ambapo Arnold alimshinda Sergio Oliva, bingwa wa Olympia wa wakati ule, akapenda maandalizi yalivyokuwa. Kutoka shindano moja imekuwa tamasha lenye michezo kibao, wabeba mawe na magogo, mieleka ya mikono, mchezo wa kupigana kwa vitara, watoto wa sarakasi, na kabla ya korona waandaaji walikuwa wanataja watu karibu 200,000 kwa wikiendi moja. Sasa fikiria, ukumbi wa fainali unabeba maelfu machache tu. Hao wengine wote wako kwenye mabanda. Mwaka 2020 korona ilipoingia maonesho yalifutwa na mashindano yakafanyika, na ule mji siku ile ulionesha wazi kipi kinabeba kipi, hoteli nyeupe, barabara ya High Street nyeupe, watunisha misuli wakishindana na nje hakuna kitu.

Mshindani wa kawaida haishi kwa zawadi. Mshindi wa kwanza anapata pesa nzuri, tena siku hizi nzuri kwelikweli, Samson Dauda alipochukua Olympia 2024 alipewa dola 600,000, lakini anayeshika nafasi ya nane au ya kumi na mbili anategemea mkataba na kampuni ya saplimenti, na mkataba maana yake anasimama kwenye banda siku nzima kesho yake au siku hiyohiyo anapiga picha na watu. Thamani yake inapimwa kwa urefu wa foleni. Na foleni tulikuwa tunaipanga kwa nani? Kwa mkubwa. Nimekaa kwenye foleni ya saa nzima kusubiri picha na jamaa ambaye hata tano bora hakuingia ila mabega yake hayapiti mlangoni, wakati banda la pili amesimama bwana mmoja aliyemzidi nafasi kwenye matokeo na mbele yake hakuna watu wanne. Wenye kampuni wanaona, na wanajua mwaka kesho wamsainishe nani.

Siku moja kwenye korido pale Greater Columbus Convention Center nilikuta mzee mmoja Mkongomani anafanya usafi, tukasalimiana Kiswahili, mji huu una Wakongomani wengi na Wabantu wa Somalia na Wakenya, ukitega sikio utasikia Kiswahili popote. Akaniuliza, "Mutoto yangu, hawa batu banakulaka nini?" Nikamwambia mzee wangu ni kuku, samaki, wali mweupe bila chumvi, mara sita kwa siku. Akawa anatikisa kichwa. Mara akapita mshindani mmoja, siku ya shindano, amejifunika koti na kofia, rangi imemkolea usoni, alifika kwenye ngazi fupi zile akasimama akashika chuma cha pembeni akapumua, kisha akapanda moja moja. Mi moyoni najisemea huyu amekauka, huyu leo ni hatari. Mzee akamwangalia mpaka akapotea halafu akasema taratibu, "Ule mutu iko mugonjwa." Sikuwa na la kumjibu. Tulikuwa tunatazama mwili uleule.

Tuyataje majina maana wanastahili kutajwa. Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria, alifariki 1992 Uholanzi muda mfupi tu baada ya shindano, miaka 33. Andreas Münzer, Mwaustria aliyempenda Arnold kupita kiasi, alishika nafasi ya sita hapahapa Columbus mwanzoni mwa Machi 1996 na mwezi huohuo akafariki Munich, viungo vya ndani vilishindwa kufanya kazi, miaka 31. Dallas McCarver alianguka jukwaani Australia Machi 2017, Agosti mwaka ule akafariki, miaka 26. George Peterson alikutwa amefariki hotelini 2021 siku chache kabla ya kupanda jukwaa la Olympia, miaka 37. Cedric McMillan, mwanajeshi, bingwa wa Arnold 2017, mtu aliyekuwa anamfanya Arnold acheke jukwaani mpaka anasahau maswali yake, alifariki Aprili 2022 akiwa na miaka 44. Sisemi ukubwa peke yake ndo uliowaua wote hao, itakuwa uongo. Münzer kwa mfano hakuwa mkubwa hata kidogo ukimlinganisha na wenzake, yeye alisifika kwa ukavu, ngozi imeshika msuli kiasi unaona nyuzi zake, na ukavu ule unatafutwa kwa kukimbiza maji mwilini na dawa za kukojoa ambazo moyo hauzipendi. Lakini ukavu nao tuliushangilia. Nimewasikia watu nyuma yangu ukumbini wanasema huyu hajakauka vizuri, katuangusha, na mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Na kuna anayeonesha vizuri kuliko wote gharama ya hii hesabu na yu hai, Mungu amjalie miaka mingi. Ronnie Coleman, bingwa mara nane, 1998 mpaka 2005, amefanyiwa upasuaji wa mgongo na nyonga mara nyingi na anatembea kwa magongo. Bado anakuja kwenye maonesho. Ukimkuta kwenye banda lake amekaa, anacheka na kila mtu, anapiga kelele zake zilezile za jimu watu wanafurahi, hana kinyongo kabisa na mwenyewe huwa anasema hajutii. Mi nilipofika mbele yake kwa mara ya kwanza nilitaka kumwambia habari za lile bango la uani Temeke, nikaishia kumwambia asante sana mzee. Mkono wake ulikuwa mkubwa na una sugu ngumu viganjani. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alikuwa kijana hata ishirini hajafika, amevaa fulana yenye picha ya Ronnie wa 2003, na macho yake yako kwa Ronnie wa kwenye fulana tu.

Arnold mwenyewe aliwahi kulisema hili hadharani hapa Columbus mwaka 2015, akalalamika kwamba matumbo yanatoka nje, kwamba zamani tuliwatafuta wenye mwili unaopungua kutoka mabegani kwenda kiunoni na sasa wanashinda waliokaa kama chupa, na akawaambia majaji wabadilike. Nilimpenda kwa kusema. Ila majaji peke yao hawawezi kuibeba hiyo, kwa sababu jaji akimpa nafasi ya kwanza mwenye mistari mizuri na ukumbi mzima ukamzomea, mwaka kesho anaulizwa yeye.

Ndo maana Machi 2023 naikumbuka kuliko zote. Nick Walker alikuja hapa akiwa ametoka kushika nafasi ya tatu Olympia, kijana mzito, mnene kila upande, mkavu, alishachukua taji hili 2021, na wengi tulishamuandikia ushindi. Samson Dauda, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia kimchezo Uingereza, zamani akicheza raga, kwenye Olympia ileile alikuwa wa sita. Sasa walipoitwa kundi la kwanza wakasimama bega kwa bega, ile mbele mbele Nick anakutisha, huwezi kukataa. Halafu wakageuka ubavu. Samson kifua kimeinuka, kiuno kimeingia ndani, paja linashuka kwa mkunjo mmoja safi mpaka gotini, mtu mkubwa vilevile, ana urefu, ila hakuna sehemu inayogombana na nyingine. Nilisikia ukumbi unabadilika. Ilianza kama minong'ono, watu wanagusana, tazama huyo, tazama huyo, mpaka wanageuka mgongo zile kelele zilikuwa zimehama. Wakaanza kuhamishwa namba, Samson akaenda katikati, akabaki katikati. Usiku ilipotangazwa namba mbili ni Walker, mzee mmoja Mnigeria aliyekuwa safu ya mbele yangu aliweka mikono kichwani akawa analia waziwazi. Mwaka uliofuata yuleyule Samson akachukua Olympia kabisa. Mi sioni kama ni bahati. Mashabiki walishaanza kuchoka na vitumbo, waliandika, walisema, walipunguza kelele kwa watu fulani na kuziongeza kwa wengine, na majaji wakapata pumzi ya kufanya kilichoandikwa kwenye kanuni zao.

Ushahidi mwingine ni Classic Physique. Kitengo kilianza 2016, kina kikomo cha uzito kulingana na urefu wako, ukizidi hupandi, basi, na wengi tulidhani kitakuwa cha kusindikiza wakubwa. Chris Bumstead, Mkanada, akakichukua Olympia mara sita mfululizo kuanzia 2019 mpaka 2024 akastaafu, na kwa foleni nilizoziona mimi kwenye maonesho hakuna mtu wa Openi, kile kitengo cha wakubwa kisicho na kikomo cha uzito, aliyemkaribia, foleni yake inazunguka ukumbi, inatoka nje ya mlango, vijana wamesubiri tangu asubuhi. Kuna watu wazima wa rika langu walinung'unika kwamba huu si mchezo tena. Mi nikaona vijana hawa wametuzidi akili, wamechagua mwili ambao binadamu anaweza kuutamani bila kuogopa, na kampuni zikakimbilia hukohuko pesa ilikokwenda.

Kwa wanawake tulifanya vibaya zaidi na hili linaniuma. Ms. Olympia ipo tangu 1980, Lenda Murray aliichukua mara nane, Iris Kyle mara kumi, hakuna mwanaume mwenye kumi. Kuanzia 2005 shirikisho la mchezo huu likawaandikia wanawake wapunguze misuli kwa asilimia 20, hivyo hivyo tu, asilimia ishirini, utapunguzaje mwili wako asilimia ishirini na nani anapima? Wanaume walikuwa wanaongeza kilo mwaka hadi mwaka na hawakupata barua ya namna hiyo. Baada ya 2014 shindano la Ms. Olympia likaondolewa kabisa, likarudi 2020. Nilikuwa kwenye kumbi ambazo wanawake wakipanda watu ndo wanatoka kwenda kununua kinywaji, na waandaaji wanahesabu viti. Wanawake wale wamefunga chakula wiki zilezile, wamebeba vyuma vilevile, na mazoezi yao ya pozi mara nyingi yalikuwa yamezidi ya wanaume, wanajua kugeuka, wanajua mikono iishie wapi. Aliyetoka kwenda kununua soda alikosa sehemu nzuri kabisa ya siku.

Nikirudi likizo nyumbani huwa natafuta shindano lolote, Dar au Nairobi, dogo dogo tu la ukumbi wa hoteli au la bichi, na huwa napata raha ya pekee kwa sababu unakaa karibu na watoto wanapozi kwa moyo. Vijana wetu wana maumbile mazuri sana kwa huu mchezo, viuno vyembamba, mabega mapana, vigimbi vya kuzaliwa navyo ambavyo Wamarekani wanavitafuta maisha yao yote hawavipati. Lakini nasikia MC anawauliza watu, baunsa wenu nani, pigeni kelele, na kelele zinakwenda kulekule, na kijana aliyekauka vizuri na kupangika anashika nafasi ya nne anaondoka ameinamisha kichwa, miezi michache baadaye unamkuta amevimba uso na mgongo umejaa chunusi, na wote tunajua alichoanza kuchoma. Hana daktari, hana kipimo cha damu, anaambiwa na rafiki yake wa jimu sindano ngapi. Huku Marekani angalau wenye pesa wanapima, na bado tumezika. Kwetu tukiupokea mchezo kwa yale mabango ya zamani tutazika mapema zaidi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa nyumbani ni vitu vinavyowezekana kesho asubuhi. Raundi ya kwanza ifanyike mbele ya watu, tena kwa kiingilio cha chini, na MC awaeleze watazamaji majaji wanatazama nini kwenye kila pozi, mgongo wa nani umekamilika, miguu ya nani imesahaulika, maana shabiki akishaelezwa mara moja tu macho yake hayarudi nyuma, mimi ni shahidi. Kitengo chenye kikomo cha uzito kwa urefu kiwekwe na kipewe zawadi sawa na kile kikubwa. Wanawake wasipangwe muda wa chakula. Na nyuma ya jukwaa awepo nesi na mashine ya presha, mshindani apimwe kabla ya kupakwa mafuta, ikiwa juu mno asipande hata kama jina lake ndo liko kwenye bango la tangazo, na MC atangaze hivyo ukumbini ili waliolipa kumuona wajue kwa nini hayupo.